Mkalimani Aliyeipa TV Mgongo

Naambiwa nimsamehe. Mama mpaka anafariki alikuwa ananiambia, dada yangu hachoki kuniambia, na binti wa yule mzee mwenyewe, ambaye ananiuzia dagaa pale Kibirizi, huniangalia kwa jicho la kuomba bila kutaja neno. Mzee amechoka, wanasema. Macho yamekwisha. Mpe shikamoo yake yaishe. Mimi simo. Shikamoo yangu nilimnyima nikiwa na miaka kumi na minne, na kwa Ujiji ya wakati ule mtoto kumpita mtu mzima mdomo umefungwa lilikuwa jambo la kuletewa mashitaka nyumbani. Nililetewa. Nikachapwa. Kesho yake nikapita tena pale pale, na mdomo nimeufunga vile vile.

Jina lake nalijua, silitaji. Sisi tulimwita Mkalimani, na yeye alilipenda jina hilo kuliko alilopewa na wazazi wake. Alikuwa na banda la gemu, mabati juu na mabanzi pembeni, katika ile miaka ambayo boti zilikuwa zinashusha watu kutoka ng'ambo ya ziwa karibu kila siku, wengine wa Kongo, wengine wa Burundi. Mji ulijaa vitu vya msaada vilivyopotea njia: maturubai, madebe ya mafuta ya kula, mablanketi ya kijivu. Mkalimani alinunua mablanketi manane akayapigilia misumari madirishani na mlangoni pa chumba cha nyuma. Chumba cha mbele kilikuwa cha gemu la mpira, na humo kelele ruksa. Ukishafunua blanketi ukaingia cha nyuma, ni giza. Saa nane mchana, jua la Ujiji linachoma watu utosini, na wewe humo ndani huoni mkono wako mwenyewe. Humo ndimo alimoweka gemu la Nyumba.

Jina lake halisi hatukuwahi kulijua. CD ilikuja na boti kutoka ng'ambo, haina ganda, na maandishi yake yote yalikuwa ya Kifaransa. Unaanza umesimama ukumbini kwenye nyumba kubwa ya daktari, kisiwani, mvua inanyesha nje. Hakuna muziki. Ubaya wake ulianzia hapo. Kwenye magemu mengine muziki ukibadilika unajua adui yuko karibu, unajikaza. Kwenye Nyumba unasikia nyayo zako tu, na ukisimama, zile nyayo zinaendelea hatua moja zaidi. Halafu kuna mke wa daktari, marehemu, anayetembea humo ndani. Hakimbii. Angekimbia ungejua la kufanya. Anakuja taratibu kama mtu aliyetoka kuanika nguo, na wewe unahangaika na mlango ambao haufunguki.

Chumba kibaya kuliko vyote kilikuwa cha juu, chenye kitanda na kabati. Nilimwona kijana wa bandarini, mbeba magunia, mtu wa kifua hiki, akiingia humo. Kabati lilipofunguka aliitupa pedi ya kuchezea, akatoka mbio amejifunga blanketi la mlangoni, akaliondoa na misumari yake. Hakuna mtu aliyeingia chumba kile mara mbili kwa hiari yake.

Na mwisho wa korido ya chini kulikuwa na mlango wa chuma. Ilisemekana nyuma yake kuna boti, na ukifika kwenye boti umeshinda. Hakuna aliyewahi kuufungua, ufunguo haukuonekana. Kando ya mlango kulikuwa na meza, na juu ya meza barua ya daktari. Ukiibonyeza, maandishi yanajaa TV nzima. Hapo ndipo kazi ya Mkalimani ilipoanza.

Alisimama kati yetu na TV, uso ametugeukia sisi, mgongo kaipa TV. Mkononi alikuwa na chuma cha mwavuli uliovunjika. Akitaka kuonyesha kitu alinyoosha kile chuma nyuma ya bega bila kugeuka, na daima kiligusa pale pale panapotakiwa. Tuliona ni ufundi. Tulisema huyu mtu gemu limemkaa kichwani hata haoni haja ya kuliangalia. Eti aliwahi kuwa karani kwenye meli za ziwani, akakaa Kalemie miaka, Kifaransa anakinywa kama maji. Nilikuja kujua baadaye kwamba alijua kusalimia, kushukuru na kuagiza bia.

Sheria zake zilikuwa tatu. Anacheza mmoja, wengine benchi. Pedi haiachwi mpaka ufe. Na ya tatu aliitamka kila siku kabla hajawasha, kwa sauti ya karani anayeita watu dirishani: "Anayepiga kelele atoke nje." Ukitoka unapita katikati ya wale wa mpira, na wao kazi yao ilikuwa kukusubiri. Wiki yangu ya kwanza nilitolewa mara tatu. Mara ya tatu walinipokea kwa kunipepea na vipande vya maboksi, wanasema mpeni hewa bibi harusi. Wasichana tulikuwa wawili tu mle bandani, kwa hiyo tulichekwa mara mbili ya wengine.

Sasa, ile barua. Kwa macho tu ilikuwa na mistari minne. Mkalimani aliisoma muda wa birika kuchemka. Alishusha sauti, akainamisha kichwa, akaanza:

"Daktari anaandika hivi. Nilikimbia kwetu. Boti ilikuwa imejaa, nikamwacha mke wangu ufukweni. Nikamwambia nitarudi kukuchukua, simama hapa hapa, usiondoke. Sikurudi. Sasa kila siku anakuja kuniuliza jambo moja: mume wangu, ile boti ilikuwa imejaa kweli?"

Halafu alituangalia mmoja mmoja. Kisha akamalizia: "Kwa hiyo anasema, ufunguo nimeuficha chini, handakini. Shukeni."

Waliokaa kwenye lile benchi, nusu yao walikuwa wamevuka ziwa mwaka ule ule. Kulikuwa na fundi makarai, mtu mzima, mpole, aliyekuja kutoka upande wa Uvira na kujibanza Ujiji kwa kutengenezea watu majiko. Siku moja alikuja kupumzika tu. Mkalimani alipofika kwenye boti kujaa, yule fundi alisimama, akaweka mkono mdomoni, akatoka. Tukamsikia nje, nyuma ya mabanzi, anatapika.

"Huyo kaelewa," Mkalimani akasema. Akatabasamu. "Haya, endelea."

Watu wengine walicheka. Mimi pia nilicheka, nisijitoe. Lakini nilipofika nyumbani nikashindwa kula, na nadhani chuki yangu ilianzia kwenye ile sahani ya ugali, kabla hajanikosea mimi mwenyewe chochote. Mtu kuogopeshwa kwa gemu ni starehe, umelifuata mwenyewe. Yeye alichukua yaliyomkuta mtu, akamrudishia gizani, mbele ya watu, na akakaa kumwangalia uso unavyobadilika.

Na alikuwa mwoga, loo! Hili watu hawapendi kusikia. Alikuwa anazunguka njia nzima ya sokoni ili asipite nyumba yenye mbwa. Kwenye boti alikuwa hapandi kabisa, huyo karani wa meli. Mkewe alimwambia mama kwamba taa ya chumbani kwao haizimwi mpaka asubuhi, na mafuta ya taa yakiisha anamwamsha mke wapige stori. Siku moja nilikuwa nacheza mimi, nikakwama kwenye ngazi, nikamwambia, "Mzee, hebu nishikie pedi nifunge kiatu." Akaikwepa ile pedi ungedhani nimempa nyoka. Nikamwangalia vizuri. Ndipo nikaanza kumfuatilia, siku hadi siku, na nikagundua hajawahi kugeuka. Hata mara moja. Kile chuma cha mwavuli kiligusa pale pale kwa sababu alifuata macho yetu yanakoangalia. Alikuwa anasoma nyuso zetu, TV hakuwahi kuitazama. Na ile barua hakuwahi kuiona.

Niseme na mazuri yake, nisije kuambiwa nimemsingizia. Boti zilipofika zimejaa watu wa mvua na njaa, Mkalimani alikuwa anatoa maji ya kisimani kwake bila kumuuliza mtu ametoka wapi. Nimemwona anavua shati akampa mzee wa Kirundi aliyekuwa anatetemeka, akarudi kwake kifua wazi, watu wakamcheka. Nilipougua malaria alileta maembe nyumbani, akakaa kizingitini, akaniuliza kwa upole kama nikifumba macho namwona mke wa daktari. Nikasema ndiyo. Akafurahi. Alikuwa hivyo. Mkono huu anakupa, mkono huu anakupima.

Msichana wa pili mle bandani alikuwa Mapendo.

Mapendo alikuja kwetu na boti ya dagaa, ana miaka kumi na tatu, ana ndala moja. Mama yake na mama yangu walikuwa wanauziana vitenge toka zamani, kabla ya vita, mmoja upande huu wa ziwa na mmoja ule. Mama yake alimleta hadi mlangoni kwetu, akala, akageuka siku ile ile kumfuata mtoto mdogo aliyebaki ng'ambo. Aliacha neno moja tu, nililisikia kwa masikio yangu: "Usitoke kwenye hii nyumba. Nikirudi nitakukuta hapa hapa." Basi. Hakukuwa na simu, hakukuwa na anwani, kulikuwa na nyumba yetu. Na miaka ile wakimbizi waliokutwa mjini bila kibali walikusanywa wakapelekwa kambini, na kambi zilikuwa nyingi, mbali, mtu akiingia humo unaweza kumtafuta mpaka viatu viishe. Mapendo akiondolewa kwetu, mama yake angerudi akute ukuta.

Kwa hiyo mama yangu alitunga uongo. Kiswahili cha Mapendo kilikuwa cha kwao, neno la kwanza tu kila mtu angejua ametoka wapi. Mama akawatangazia majirani: huyu ni mtoto wa dada yangu wa Kasulu, ni bubu tangu kuzaliwa. Miezi saba, mtoto mwenye mdomo kama kasuku alikaa kimya. Alisema na mimi tu, kwa kunong'ona, tukienda ziwani kufua. Huko ndiko alikoniambia kwamba shuleni kwao alikuwa wa kwanza kwa Kifaransa.

Mkalimani alimpenda bubu. Alimkalisha mbele kabisa, karibu na TV, akampa karanga. Bubu hakupiga kelele hata siku moja, na hili lilimsumbua. Alikuwa anasema kwa sauti, "Mwangalieni bubu. Haogopi. Kwa nini haogopi?" Anainama anamtazama usoni karibu kabisa, na Mapendo anatafuna karanga. Jibu nilikuwa nalijua mimi peke yangu. Nyumba ilikuwa imejaa maandishi, kwenye kuta, kwenye picha, kwenye milango, na Mapendo aliyasoma yote. Alijua kabati litafunguka kabla halijafunguka, imeandikwa mlangoni. Sisi wengine tulikuwa tunapelekwa na Mkalimani.

Nilimuuliza njiani barua inasema nini. Akaniambia haisomi yote, Mkalimani husimama katikati akaiziba, mpaka siku atakaposogea.

Ile siku nilikuwa nimejigamba. Kule mbele kwa wale wa mpira nilisema leo naufungua mlango wa chuma, na wakaacha mpira wao wakaja wote nyuma, chumba kikajaa mpaka watu wakakaa chini. Nilicheza vizuri kuliko nilivyowahi kucheza. Nikafika mezani. Nikabonyeza barua. Mkalimani akaanza, boti ilikuwa imejaa, nikamwacha mke wangu ufukweni, na watu wakaanza kuguna kwamba hayo tumeshayasikia, handakini tumeshakufa mara mia. Safari hii alikuwa amesogea kushoto kwa sababu ya watu, na barua yote ilikuwa wazi mbele ya Mapendo.

Hapa nimezunguka kurasa zote hizi kupakwepa. Nisiseme nilisahau. Sikusahau. Nilitaka ule mlango.

"Mapendo," nikasema, "inasemaje?"

Aliniangalia. Alikuwa na karanga mdomoni, akazimeza kwanza. Kisha akasoma, Kifaransa, polepole, kwa ile sauti ya mtoto aliyesimamishwa mbele ya darasa. Akamaliza mstari wa kwanza akaurudia kwa Kiswahili cha kwao. "Haiko vile ye anasema. Daktari anaandika: usishuke kule chini, kule chini ni kufa tu. Ufunguo niliuacha..."

TV ikazima. Mkalimani alikuwa amenyoosha mkono nyuma, bila kugeuka, akapiga swichi ukutani.

Halafu mmoja akasema gizani, "Bubu kasema!" Na chumba kizima kikalipuka, vicheko, vigelegele, watu wanampigapiga Mapendo mgongoni, wanamwita mwalimu, wanamwambia Mkalimani kumbe ulikuwa unatulisha porojo miaka yote. Mtu akafunua blanketi, mwanga ukaingia. Mkalimani alikuwa amesimama pale pale, chuma cha mwavuli mkononi. Hakupiga kelele.

"Wewe si bubu," akamwambia Mapendo. "Na si wa Kasulu."

Njiani tulikimbia. Na mimi, Mungu anisamehe, tulipofika kwenye migomba tu nikamshika mkono nikamuuliza, "Ufunguo uko wapi?" Mtoto wa watu anatetemeka, mimi nauliza ufunguo.

"Ndani ya saa ya ukuta," akanong'ona. "Pale pale munaanzia." Kisha akaniuliza kama mama atampiga.

Mama hakumpiga. Mama alikaa chini kwenye jamvi akashika kichwa, na akaanza kutafuta watu wa kumficha Mapendo kule Bangwe. Hatukuwahi. Siku ya tatu asubuhi, mama anachochea moto, mgambo wawili waliingia uani. Nyuma yao, kwenye kona ya uzio, alikuwa Mkalimani. Alisimama ameipa nyumba yetu mgongo, anaangalia barabarani ungedhani anasubiri mtu mwingine. Mgambo mmoja akamuuliza, "Ni hapa?" Akanyoosha kile chuma cha mwavuli nyuma ya bega lake. Hakugeuka. Kiligusa hewa, kikaelekea mlangoni kwetu, pale pale.

Mama alilia, akaomba, akasema mama wa huyu mtoto anakuja, subirini, nawaapia anakuja. Wakasema atamfuata huko huko. Huko wapi? Mmoja akataja kambi hii, mwingine akataja nyingine. Mapendo alipandishwa lori lililokuwa limeshajaa watu. Hakulia. Aliniambia, "Mama akija, umwambie." Nikasema ndiyo. Nitamwambia nini, nimwambie wapi, sikujua.

Mwaka uliofuata baba, mtu wa reli, alihamishiwa Tabora. Mpaka siku tunafunga mizigo, mama yake Mapendo alikuwa hajafika. Sikushika tena pedi maishani mwangu. Ufunguo nilikuwa nao, wa gemu zima, na niliukalia tu.

Nilirudi Kigoma mtu mzima, na biashara yangu ya dagaa, nikamkuta Mkalimani bado yupo. Banda lilikufa, yeye hakufa. Nikawa nampita njiani, mdomo umefungwa, miaka na miaka. Mpaka mwaka huu, binti yake akanishika mkono pale Kibirizi, katikati ya vichanja, harufu ya dagaa imetujaa puani, akasema, "Dada, baba anakuita. Kasema ana swali moja tu, kisha hatakusumbua tena."

Nilikwenda. Sijui kwa nini nilikwenda, labda nilitaka kumwona ameisha. Ilikuwa saa nne asubuhi. Binti yake alinikaribisha, akaenda jikoni, na mimi nikaingia sebuleni nikasimama nimeduwaa. Mkalimani alikuwa amekaa kigodani, magoti yanakaribia kugusa TV, na uso wake ulikuwa umeielekea. Pedi ilikuwa mikononi mwake. Kwenye TV, mvua, ukumbi, nyumba ya daktari.

"Karibu," akasema. Akangoja shikamoo. Haikuja. "Bado unanichukia."

"Ndiyo."

"Ego, sawa. Sikukuitia hilo." Jicho moja lilikuwa jeupe kabisa, lile lingine alilikodoa karibu na kioo. "Yule bubu wenu alirudi."

Nikakaa. "Lini?"

"Ule wakati watu wa Kongo wanarudishwa kwao kwa meli. Zamani. Alikuwa dada mkubwa, ana mtoto mgongoni. Alikuja na mama yake, wakaenda kwenu wakakuta wapangaji. Wakaja kwangu kuuliza."

"Mama yake? Mama yake mzazi?"

"Wanafanana. Yule mama hakutaka kuingia, alisimama njiani ananitazama vibaya. Mlikutana wapi, nikamuuliza bubu. Akasema kambini. Mama alizunguka kambi zote mpaka akampata."

Niliinama nikajifanya natengeneza kanga, maana machozi yalikuwa yananitoka na sikutaka ayaone hata kwa lile jicho moja. Alizunguka kambi zote. Akampata.

"Ukawaambia nini kuhusu sisi?"

"Kwamba mko Tabora. Ndivyo nilivyosikia."

"Na mimi nilivyorudi hukuniambia! Miaka yote hii napita hapo mlangoni kwako!"

"Ulinisalimia lini?" akasema.

Hakungoja jibu, alikuwa ameshaigeukia tena TV yake.

"Ulimwomba msamaha?" nikamuuliza.

"Nilimwomba anisomee barua." Alisema hivyo hivyo, bila aibu, mtu anayeeleza kwamba aliomba chumvi. "Mashine ilikuwa hapa, nikawasha. Akakaa hapo ulipokaa. Akaisoma yote, taratibu, Kifaransa, kisha Kiswahili. Hakuwa na kinyongo. Akasema ufunguo uko chumba cha juu. Uvunguni mwa kitanda."

Nilishika ukingo wa kiti.

"Chumba chenye kabati," nikasema.

"Hicho hicho." Aliiweka pedi magotini. "Wanangu walikataa kuingia humo, wajukuu wakakataa. Basi nikajifunza mwenyewe. Nikageuka, nikaangalia. Kila siku naingia. Nainama, natafuta, kabati linafunguka. Miaka yote hiyo, na kila siku moyo unakaribia kusimama, siuzoei. Ufunguo siuoni." Akanigeukia, na uso wake, ule uso uliozoea kutupima sisi, ulikuwa unaniomba. "Mlikuwa mnanong'ona nyie wawili, nilijua. Wewe alikuambia. Niambie tu: alinisomea kweli?"

Nikamwona Mapendo amekaa kwenye kiti hiki, mtoto mgongoni, mama yake anamsubiri njiani, anasoma kwa ile sauti ya darasani, neno kwa neno, mpaka anafika mwisho. Kisha kwa makusudi anampa huyu mzee chumba cha kabati. Hakukosea. Mapendo hakuwahi kukosea kusoma.

"Alikusomea kweli," nikasema. "Uvunguni mwa kitanda. Ila huinami vya kutosha, Mzee. Na unatoka mapema mno. Kabati likifunguka usikimbie, kaa humo humo uendelee kutafuta."

"Nilijua!" akasema. "Nilijua ni haya macho tu." Akaishika pedi kwa mikono miwili, akavuta kigoda mbele.

"Shikamoo," nikamwambia. Ilinitoka yenyewe, kwa furaha.

"Marahaba, mwanangu. Marahaba." Uso ulimng'aa kweli.

Akaanza mwanzo. Ukumbi, mvua, na kushoto ukutani ile saa, mshale wake unatembea. Akaipita. Akapanda ngazi, hatua kwa hatua, na nyayo zikaendelea moja zaidi aliposimama mlangoni. Mimi nilimuaga binti yake jikoni, nikavaa ndala zangu, nikatoka. Nilikuwa nimefika chini ya dirisha niliposikia kabati linafunguka, na Mkalimani akapiga yowe ambalo lilisimamisha watu barabarani.

Nikarudi hatua mbili, nikaingiza kichwa dirishani.

"Anayepiga kelele," nikamwambia, "atoke nje."